Kesi hewa hazimalizwi kwa waraka: barua ya wazi kwa wanaosimamia mahakama na mawakili

Kwa Majaji Wakuu, viongozi wa vyama vya mawakili, wajumbe wa kamati za nidhamu na wasajili wa mahakama, popote mlipo

Waheshimiwa,

Yah: Kesi hewa, na nani azikague

Tangu 2023 mmetuandikia sana. Kuna waraka wa matumizi ya akili mnemba, mwongozo wa kuufafanua waraka, marekebisho ya mwongozo, na tamko la kutia saini chini ya hoja za maandishi. Ninazisoma zote, maana wakili akinaswa hakuna atakayemsikiliza akisema hakuuona waraka. Lakini tatizo liko palepale. Kesi hewa, yaani zile ambazo hazikuwahi kuamuliwa na mahakama yoyote duniani, bado zinapokelewa masijala, zinafika mezani kwa jaji, na sasa nyingine zimetoka zikiwa ndani ya amri iliyosainiwa.

Ninaloomba ni dogo. Tuamrisheni tuambatishe hukumu yenyewe kwa kila kesi tunayoitaja, iliyotoka kwenye chanzo kinachoweza kukaguliwa, na aya tunayoitegemea iwe imewekewa alama. Nanyi kwa upande wenu ziwekeni hukumu zote mahali ambapo mtu yeyote anazifikia bure. Yanayofuata ni sababu zangu.

Shauri la Mata dhidi ya Avianca kila wakili amelisikia, ila nahisi wengi wamelisikia nusu. Abiria alidai kuwa goti lake liliumizwa na toroli la chuma la kuhudumia ndani ya ndege mwaka 2019. Shirika likajibu kuwa muda wa kudai umekwisha pita. Mawakili wa abiria wakaja na hoja zenye kesi zinazowafaa kabisa, mojawapo ikiitwa Varghese dhidi ya China Southern Airlines, na kumbe kadhaa kati yake zilitungwa na ChatGPT, chombo cha akili mnemba kinachojibu maswali kwa maandishi. Tarehe 22 Juni 2023, Jaji P. Kevin Castel wa mahakama ya shirikisho ya New York akawatoza faini ya dola 5,000. Hapo ndipo wengi wanapofunga kitabu.

Nusu ya pili ndiyo inayotuhusu. Jaji alisema wazi kwamba kutumia chombo cha namna hiyo kama msaada si kosa kwa asili yake. Kilichowaponza ni walichofanya baada ya kuulizwa. Upande wa pili ulisema kesi hizo hazionekani popote, mahakama ikaagiza nakala ziletwe, nao wakawasilisha kurasa zilizotungwa na chombo kilekile kana kwamba ni hukumu. Njia ya mwongo ni fupi. Namba ya shauri iliyobandikwa kwenye Varghese ilikuwa ya shauri jingine kabisa, na uchambuzi wa sheria uliokuwamo jaji aliuona ni maneno yasiyoshikana. Aliagiza pia kwamba kila jaji aliyesingiziwa kuandika hukumu hizo aandikiwe barua na kujulishwa. Sehemu hiyo ya amri huwa haitajwi, nami naipenda kuliko faini. Mtu amepewa maneno ambayo hakuyasema, akiwa jaji, na hana habari.

Sasa litazameni shauri hilo kwa jicho la fundi. Ni kitu gani kilizifichua kesi zile? Kanuni za maadili zilikuwapo, viapo vya uwakili vilikuwapo, na adhabu ya kuidanganya mahakama ni ya zamani kuliko umeme. Kilichozifichua ni amri ya mstari mmoja: leteni nakala. Amri hiyo ingekuwa ya kawaida, ya kila shauri na ya siku ya kwanza, na ingesema nakala itoke kwenye chanzo cha mahakama na si kwenye mazungumzo ya mtu na kompyuta yake, leo hakuna ambaye angelijua jina la shauri lile.

Miaka miwili baadaye tuko palepale, isipokuwa idadi imeongezeka. Mtafiti Damien Charlotin anatunza orodha ya maamuzi kutoka nchi mbalimbali ambamo mahakama imekuta maudhui ya kubuniwa yaliyotokana na akili mnemba, na mwaka 2025 orodha hiyo ilivuka mashauri 500. Hayo ni yale yaliyogunduliwa na kuandikwa. Yaliyopita bila mtu kushtuka hayana orodha.

Tarehe 6 Juni 2025, Mahakama Kuu ya Uingereza, chini ya Dame Victoria Sharp na Jaji Johnson, ilitoa uamuzi mmoja juu ya mashauri mawili: Ayinde dhidi ya halmashauri ya Haringey, na Al-Haroun dhidi ya Qatar National Bank. Katika la kwanza kulikuwa na kesi tano za kubuni. Katika la pili, ambalo madai yake yalikuwa ya pauni milioni 89, rejea zilikuwa 45 na kati yake kesi 18 hazikuwahi kuwepo. Zaidi ya hapo, utafiti wa sheria alikuwa ameufanya mteja mwenyewe, na wakili akauchukua kutoka kwake. Mteja ndiye aliyekuwa anamshauri wakili! Na miongoni mwa rejea zile kulikuwa na hukumu iliyodaiwa kuandikwa na Jaji Dias, ikawasilishwa mbele ya Jaji Dias mwenyewe. Hebu jiwekeni kwenye kiti chake, mnasoma hoja na kukutana na hukumu yenu ambayo hamkuiandika.

Lakini nawaandikia hasa kwa sababu ya maneno mengine ya uamuzi ule. Mahakama iliorodhesha silaha ilizonazo, kuanzia karipio la hadharani na gharama za shauri hadi kumpeleka mhusika kwenye chombo cha nidhamu, shauri la kudharau mahakama, na hata polisi. Kisha ikasema kwamba miongozo peke yake haitoshi, na kwamba wenye dhamana ya uongozi katika taaluma na wale wanaoisimamia wanapaswa kuchukua hatua za vitendo zenye kuleta matokeo. Tangu siku ile nimekuwa nikizisubiri hatua hizo za vitendo. Nilichopokea ni mwongozo mwingine.

Nisiwaonee. Kuna mahakama zimejaribu, na tatizo ni kwamba kila moja imejaribu lake. Mahakama ya King's Bench ya Manitoba, Kanada, ilitoa maelekezo Juni 2023. Mahakama ya Shirikisho ya Kanada ikafuata Desemba mwaka uleule, ikitaka tamko pale maudhui yanapotokana na akili mnemba. Mahakama Kuu ya New South Wales, Australia, kwa maelekezo yaliyoanza kutumika 3 Februari 2025, imepiga marufuku kabisa kuitumia kuandika maudhui ya hati za viapo na maelezo ya mashahidi. Hilo naliunga mkono kwa mikono miwili, maana shahidi anaapa kwa maneno yake. Singapore, tangu 1 Oktoba 2024, haikatazi wala haitaki tamko la mapema, ila inamkumbusha aliyewasilisha kwamba kila neno ni mzigo wake. Marekani kuna jaji mmoja mmoja waliotaka cheti, yaani wakili athibitishe kuwa hakutumia akili mnemba au kwamba ilichoandika kimekaguliwa, wa kwanza kufahamika akiwa Jaji Brantley Starr wa Texas mwaka 2023, na kuna Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tano iliyopendekeza kanuni ya cheti kisha ikaiacha mwaka 2024. Wakili anayefanya kazi katika mahakama zaidi ya moja leo anahitaji daftari la kukumbuka wapi anatamka nini.

Na tamko lenyewe linapima kitu kisichofaa. Linauliza nilitumia chombo gani, wakati anachohitaji jaji ni kujua kama nilichokileta kipo. Akili mnemba sasa imo ndani ya programu ya kuandikia, ndani ya injini ya kutafutia, ndani ya barua pepe. Wapo mawakili watakaotamka kwa moyo safi kuwa hawakuitumia, na watakuwa wanakosea bila kujua. Wapo pia watakaotamka kuwa wameitumia, wakaikagua kila kesi, na kazi yao ikawa bora kuliko ya sisi wengine. Kesi hewa iliyotungwa na binadamu kwa kalamu ni hewa vilevile. Mnataka kumkamata mwizi kwa kuuliza alikuja kwa baiskeli au kwa miguu.

Wengine mtasema basi mawakili watumie vyombo vya kulipia, vilivyotengenezwa mahususi kwa sheria. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipima baadhi ya vyombo hivyo mwaka 2024, vile vya kampuni kubwa ambazo sote tunazijua, wakakuta vinatoa majibu yenye uzushi kati ya asilimia 17 na 33 ya mara vilipoulizwa. Ni nafuu kuliko chombo cha jumla, lakini si ya kulalia usingizi. Kuna jambo hapo ambalo miongozo yenu hailigusi. Kesi isiyokuwepo ndiyo uongo mwepesi kuliko wote, kwani mtu akiitafuta akaikosa, mchezo umekwisha. Uongo mgumu ni kesi iliyopo kweli, yenye majina ya kweli na mwaka wa kweli, lakini haisemi kile inachosingiziwa kusema. Pengine ilisema kinyume chake. Pengine maneno yaliyonukuliwa yalikuwa ya jaji aliyetofautiana na wenzake, au ni muhtasari wa hoja za wakili aliyeshindwa. Hiyo ukiitafuta unaiona, unaridhika, unapita. Ndiyo maana nasema aya iwekewe alama. Mtu akilazimika kuweka mstari pembeni ya aya, analazimika kuisoma, na akiisoma aibu itamrudisha nyuma kabla hamjamrudisha ninyi.

Niwape kisa changu, nisionekane nawasema wenzangu tu. Kijana ninayefanya naye kazi aliniletea rasimu jioni moja, kesho yake asubuhi tukiwa na tarehe ya kuwasilisha. Ndani yake kulikuwa na kesi iliyotutosha kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyetu: mkataba kama wetu, uvunjaji kama wetu, na jaji amejibu swali letu kwa sentensi moja. Kalamu ilikuwa mkononi. Kilichonizuia, kama nitasema ukweli, hakikuwa uadilifu. Ilikuwa mazoea ya miaka. Kesi halisi haikutoshi hivyo. Kesi halisi daima ina kasoro. Mdai wake ni kampuni wakati wako ni mtu, sheria yake imerekebishwa, jaji wake amesema jambo zuri halafu akaongeza "hata hivyo". Kazi yetu ni hiyohiyo, kulivuka lile "hata hivyo". Nilipoomba nakala, akasema anaona muhtasari tu. Tulipolifungua juzuu lililotajwa, ukurasa ule ulikuwa katikati ya shauri la watu wengine, la mambo mengine.

Sikumfokea. Nilikuwa nimempa saa tatu kwa kazi ya siku mbili, na nilimfundisha mimi mwenyewe, kwa vitendo, kwamba tarehe ya kuwasilisha ni kubwa kuliko vyote. Kamati za nidhamu zinapowaita vijana, nawaomba muulize pia nani aliwapa muda gani. Katika shauri la Mavundla, lililoamuliwa Pietermaritzburg, Afrika Kusini, Januari 2025, kesi tisa zilitajwa na mahakama ikaweza kuziona mbili tu. Utafiti ulikuwa umefanywa na mtu aliye bado mafunzoni, na mkubwa wake hakuukagua. Mahakama ilipeleka suala hilo kwa Baraza la Uwakili la nchi hiyo, na ilifanya sawa. Sehemu kubwa ya mashauri haya ukiyasoma hadi mwisho utakuta mnyororo wa namna hiyo: mmoja alitafuta, mwingine aliandika, wa tatu alisaini, na kila mmoja aliamini kuwa mwenzake ndiye aliyekagua.

Msidhani ni shida ya ofisi za chumba kimoja tu. Mei 2025, katika shauri la Lacey dhidi ya State Farm huko California, kampuni mbili kubwa za uwakili ziliamriwa kulipa takriban dola 31,100 baada ya kuwasilisha hoja ambazo rejea kama tisa kati ya 27 zilikuwa na kasoro, na angalau kesi mbili hazikuwepo kabisa. Rasimu ilitoka kwa wakili mmoja kwenda kwa wengine bila wao kujua imetengenezwaje. Aliyekuwa akisikiliza, Michael Wilner, alieleza kwa uwazi wa kutisha kwamba hoja zile zilimvutia, akaenda kuzitafuta kesi ili azisome zaidi, akazikosa. Nusura aziandike kwenye amri yake. Kampuni zile zina hifadhi za sheria za kulipia, zina maktaba, zina watu wa maktaba. Kwa hiyo nikiomba hukumu ziwe bure sisemi kwamba umaskini ndio chanzo pekee. Haraka nayo inawapata matajiri.

Kilichokaribia kutokea California kilitokea Georgia. Katika shauri la talaka la Shahid dhidi ya Esaam, wakili wa mume aliandaa rasimu ya amri, kama inavyofanyika katika mahakama nyingi, na jaji akaisaini. Ndani yake kulikuwa na kesi hewa mbili. Mke alipokata rufaa, wakili yuleyule akajibu kwa kesi hewa nyingine, na akaomba hata alipwe gharama, kwa kutegemea kesi hewa. Mahakama ya Rufani ya Georgia, tarehe 30 Juni 2025, iliitengua amri ile na kumtoza dola 2,500. Adhabu ilimwangukia wakili, na alistahili. Lakini kalamu ya mwisho haikuwa yake.

Hapa, Waheshimiwa, ndipo ninapoomba mnivumilie, kwa sababu nyaraka zenu karibu zote zinatutazama sisi. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii nguo ni joho. Mwaka 2025 majaji wawili wa mahakama za shirikisho Marekani, Julien Neals wa New Jersey na Henry Wingate wa Mississippi, waliondoa maamuzi yao baada ya mawakili kuonyesha kuwa yana makosa yasiyoelezeka. Oktoba mwaka huo, katika barua zao kwa Seneta Charles Grassley, walikiri kwamba vyombo vya akili mnemba vilitumika ofisini mwao, katika ofisi moja na mwanafunzi aliye mafunzoni na katika nyingine na msaidizi wa jaji, na rasimu zikatoka kabla ya ukaguzi wa kawaida kukamilika. Nawaheshimu kwa kukiri. Ila wakili angekiri hivyohivyo angekuwa na namba ya shauri kwenye kamati ya nidhamu.

Kuna mfano mwingine ambao wengi waliucheka na mimi sikuucheka. Januari 2023, Jaji Juan Manuel Padilla wa Cartagena, Kolombia, aliamua shauri la bima ya matibabu ya mtoto mwenye usonji, na ndani ya uamuzi akaandika waziwazi maswali aliyoiuliza ChatGPT na majibu iliyompa. Unaweza kusema hakupaswa kuiuliza. Lakini kila mtu aliona aliuliza nini, na mwenye kutaka kupinga alikuwa na cha kupinga. Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilipolitazama suala hilo, katika uamuzi T-323 wa 2024, haikupiga marufuku. Ilisema chombo hakiwezi kuchukua nafasi ya fikra za jaji, na ikasisitiza uwazi na uhakiki. Umoja wa Ulaya nao, katika sheria yake ya akili mnemba iliyoanza kuwa na nguvu 1 Agosti 2024, umeiweka mifumo inayomsaidia jaji kutafiti na kutafsiri sheria katika kundi la hatari kubwa. Mjadala huo upo, basi. Ninachotaka ni kwamba kanuni ya viambatisho itakayotubana sisi iibane na rasimu inayotoka ofisini kwa jaji. Kesi iliyotajwa katika hukumu na haikutajwa na upande wowote iwe na kiungo cha kuifungua. Ni haki ya aliyeshindwa kuona alichoshindwa nacho.

Kuhusu adhabu sina mengi. Faini haziumizi kampuni na haziwatishi wengine. Jaji Anna Manasco wa Alabama aliliona hilo Julai 2025 katika Johnson dhidi ya Dunn. Alisema faini haitoshi, akawakaripia hadharani mawakili watatu wa kampuni kubwa, akawaondoa kwenye shauri, akawapeleka kwenye nidhamu, na akawaamuru wawaonyeshe uamuzi ule wateja wao, mawakili wa upande wa pili na majaji katika mashauri yao yote yanayoendelea. Hiyo inauma. Ila kumbukeni kampuni ile ilikuwa na sera yake ya akili mnemba, imeandikwa na inajulikana. Wakili aliyetumia ChatGPT alikuwa anaijua.

Halafu kuna watu ambao nyaraka zenu haziwafikii kabisa. Desemba 2023, baraza la kodi Uingereza liliamua rufaa ya Harber dhidi ya mamlaka ya mapato. Mrufani hakuwa na wakili. Alileta maamuzi tisa ya awali ya baraza hilohilo, yote yakionekana kumuunga mkono, yote ya kubuni. Baraza lilikubali kwamba hakujua, na kwamba hakujua hata namna ya kuyakagua. Alishindwa kwa sababu nyingine. Mtu kama huyo hana chama cha kumwadhibu wala semina ya kumfundisha, na idadi yao itakua kuliko yetu, kwa sababu chombo kile kinawajibu kwa upole saa nane usiku, jambo ambalo sisi hatulifanyi. Huyo msimkatalie mlangoni. Karani amwambie kwa lugha ya kawaida kuwa kila kesi aliyoitaja inahitaji nakala yake, amwonyeshe pa kuipata, ampe siku kadhaa. Akirudi bila nakala, mstari ule unafutwa na madai yake yanabaki.

Kwetu mawakili iwe kali zaidi. Masijala isipokee. Najua wasajili wanasoma hapa wakishika kichwa, wakiwaza marundo ya karatasi na makarani wachache. Lakini hukumu za nchi nyingi sasa zina namba ya rejea isiyotegemea mchapishaji. Uingereza ilianza kuzitumia 2001. Karani hahitaji kuisoma hukumu. Anaiandika namba, inafunguka au haifunguki. Hiyo ni kazi ya sekunde chache, na ni kazi ambayo hata kompyuta ya zamani, isiyo na akili ya aina yoyote, inaiweza. Na kuambatisha si uvumbuzi wangu. Wazee waliotufundisha walibeba vitabu mikononi hadi mezani kwa jaji, vikaratasi vikiwa vimechomekwa kwenye kurasa. Tuliacha tulipoanza kuamini kwamba kila mtu anaweza kuitafuta mwenyewe.

Ili namba ifunguke, lazima kuwe na kitu cha kufungua. Hapo ndipo zamu yenu. Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilianza kuweka sheria bure kwenye intaneti mwaka 1992, zikafuata hifadhi za bure za AustLII ya Australia 1995 na BAILII ya Uingereza na Ireland 2000, na mwaka 2002 taasisi za namna hiyo zilikubaliana huko Montreal tamko la kwamba habari za sheria za umma ni mali ya wote. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza ilianza kupokea na kuchapisha hukumu yenyewe Aprili 2022. Miaka zaidi ya 30 tangu Cornell, na bado kuna mahakama ambazo hukumu zake zinapatikana kwa kumjua mtu, au kwa kulipa kampuni iliyozipokea bure kutoka kwenu. Wakati huohuo vyombo vya kubuni vinatoa hukumu bila malipo, kwa wingi, saa yoyote. Mmeufungia ukweli kabatini, kisha mnashangaa uongo unapouzika.

Nimeanza bila kuwasubiri. Wiki iliyopita nimepeleka masijala hoja zenye kesi sita, na nyuma yake hukumu sita, mistari ya penseli pembeni. Karani aliukunjua mzigo, akaupima kwa mkono, akaniuliza ni kanuni gani iliyonitaka nilete yote hayo. Nikamwambia bado haijaandikwa. Akagonga muhuri kwenye ukurasa wa kwanza, viambatisho akanirudishia.

Wenu mtiifu,

Wakili mmoja